Kipande cha Bomba Kilichoshikilia Mlango

Kwa miaka mingi nimekana kwamba nilitaka Mkaguzi awe amekosea. Nilikana mbele ya dada yangu, nikakana mbele ya mchungaji, na siku Mkaguzi mwenyewe aliponiuliza, tukiwa jikoni kwake tukingoja chai ichemke, nilikana nikimtazama usoni. "Mimi?" nilisema. "Nitafaidika nini?" Sasa nakubali. Nilitaka akosee hata mara moja, hata kwa jambo dogo kama kutaja siku ya soko la Siongiroi. Kupakana na mtu asiyekosea kunachosha. Ukipita kando ya ua wake unajikuta umenyoosha mgongo, na hujui ni kwa nini.

Sitamtaja jina, kwa sababu hakuna anayelitumia. Watoto humwita Kogo, yaani bibi, kama wanavyomwita mwanamke yeyote wa umri wake huku kwetu. Mafundi humwita Madam. Sisi wengine wote, kuanzia kituo cha kupima majani chai hadi kanisani, tunamwita Mkaguzi, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya. Alikagua mishono ya mabomba, mahali ambapo chuma kimechomelewa na chuma kingine, akasema kama unapita au haupiti. Alianzia kwenye visima vya gesi katika nchi za jangwani, akamalizia kwenye visima vya mvuke kule chini Bonde la Ufa, ukishavuka Mau. Alisomea metali katika vyuo ambavyo mimi nisingeruhusiwa hata kufagia, na haoni haya kuvitaja. Unyenyekevu hajawahi kuujaribu. "Mimi najua chuma," husema, kwa sauti ile ile ambayo mwingine angesema yeye ni mrefu. Urefu wake unaniishia begani.

Mimi ni mwandishi wa insha. Nina shahada mbili na ng'ombe wawili, na hapa karibu na Silibwet ni ng'ombe tu wanaoniletea heshima, tena si nyingi, kwa sababu mmoja amekonda.

Mara ya kwanza kuingia nyumbani kwake nilijikwaa. Mlango wa sebuleni ulikuwa umeshikiliwa na kipande cha bomba, nusu ya pete hivi, kizito, kinachong'aa kama kijiko cha wageni. Katikati yake ulipita mshono, na kando ya mshono palikuwa na namba iliyogongwa kwa nyundo. Namba hiyo ilionekana kama imeandikwa mara mbili, ya pili ikiwa imekanyaga ya kwanza, hata nikadhani macho yangu yameanza kuzeeka.

"Hiyo ni nini?" niliuliza nikisugua kidole cha mguu.

"Hiyo ni sababu."

"Sababu ya nini?"

"Ya watu fulani kuwa hai. Kaa chini."

Nilikaa. Aliniambia kwamba mshono ule aliukataa yeye, kwa sababu ulikuwa mgumu kupita kiasi. Nikacheka. Nilisema nilidhani chuma hutakiwa kuwa kigumu, kwamba hiyo ndiyo maana ya chuma. Kicheko hicho kiliniponza. Mvua ya mchana ilianza, ikanyesha, ikaisha, bado nimekaa nafundishwa.

Nilichoelewa ni hiki. Kutoka chini ya ardhi, pamoja na mvuke au gesi, hutoka hewa yenye harufu ya yai viza. Hewa hiyo ikikutana na maji juu ya chuma huachilia hidrojeni, nayo hidrojeni ni ndogo kuliko kila kitu, hivyo hupenya ndani ya chuma chenyewe kama kiroboto anavyopenya blanketi. Chuma laini huvumilia. Kinanyumbuka kidogo, mgeni anakaa, mgeni anapita. Kilicho kigumu mno hakina mahali pa kulegea. Hidrojeni hukaa pale kilipokazika, na siku moja, bila kupinda, bila kutoa sauti, kinapasuka. "Kigumu hakikupi taarifa," Mkaguzi alisema. Kwa sababu hiyo kanuni za mabomba ya namna hiyo hazikuulizi kama chuma ni kigumu vya kutosha. Zinakuwekea dari, na marufuku kuipita. Hata aloi za nikeli, ambazo hununuliwa kwa sababu kutu na asidi hazizitishi, zina dari zao. Ziko ambazo kanuni haiulizi kabisa ugumu wa mishono yake, na ziko ambazo inauliza kwa ukali. Kipande cha mlangoni kilikuwa cha zile zinazoulizwa.

Kupima nako alinionyesha, akitumia kidole gumba na siagi. Unasugua mahali mpaka uone uso wako. Unakandamiza ncha ndogo ya almasi kwa uzito unaojulikana, kisha unapima kishimo. Kishimo kikubwa, chuma ni laini. Kishimo kidogo, chuma ni kigumu. Unapima kwenye mshono wenyewe, unapima kwenye bomba ambalo moto haukufika, na unapima katikati ya hayo mawili, kwenye ngozi iliyoungua. "Hapo katikati ndipo watu hufia," alisema, akapaka siagi ile kwenye mkate na kunipa.

Nilirudi nyumbani nikaandika insha nzima kuhusu ugumu wa moyo wa binadamu. Nilijivunia sana. Nilimpelekea, akaisoma amesimama, akanirudishia juu ya ua.

"Umeandika juu ya moyo," alisema. "Mimi nilikuwa naongea juu ya bomba."

Tangu hapo nimejaribu kuongea juu ya bomba.

Kidole gumba chake hakistaafu. Pale soko la Silibwet anakandamiza parachichi moja moja, si kama mnunuzi bali kama daktari, mpaka mama mmoja muuzaji akazoea kumwambia, "Kogo, hiyo si bomba, hiyo ni chakula." Anagusa kingo za viti kanisani. Anagusa rinda la bati kwenye nyumba ya msiba, huku akitoa pole. Mayai hali, hata ya kienyeji, hata kwenye harusi. Alishanusa ile hewa kwa miaka mingi na anasema yai lolote kwake ni kengele ya hatari. Usemi wake mkuu ni, "Nipe namba, sio maoni." Amemwambia hivyo daktari wa ng'ombe, amemwambia chifu, na mchungaji alipotangaza kwamba waumini wameongezeka kiroho, nilimwona akijizuia.

Lakini mtu huyu huyu hawezi kumchinja kuku. Ndama wake mmoja alipokufa kwa baridi, alilia hadharani katika njia ya majani chai, wachumaji wakishuhudia na vikapu mgongoni, na hakujifuta uso. Ana ng'ombe mmoja mzee ambaye maziwa yalimkauka zamani, naye anamlisha kama anayekamuliwa. Nilimuuliza namba za ng'ombe huyo zinasemaje. Hakunijibu kwa wiki nzima.

Kitu kingine anachojulikana nacho ni nyundo. Kila asubuhi mikebe yetu ya maziwa hukutana kwenye kituo cha kupozea, yote ya chuma kisichoshika kutu, yote imefanana, na mtu anaweza kurudi nyumbani na mkebe wa mwenzake na ugomvi juu yake. Mkaguzi ana seti ya herufi na namba za chuma kigumu, alizotumia kazini. Kwa hiyo watu humpelekea mikebe awagongee alama kwenye ukingo. Hulipi kitu, ila utasemwa juu ya usafi wa mkebe. Anashika herufi, anainua nyundo, anapiga pigo moja, na mbwa wa jirani wanaingia uvunguni. Alama ikitoka imepinda hupiga tena juu yake. Hapendi kitu kilichopinda.

"Alama kwanza," husema. "Kabla ya kupima, kabla ya kusalimiana." Hiyo nayo aliileta kutoka jangwani. Aliwahi kuletewa mshono wa kupima, akageuka kunywa maji, na aliporudi akakuta amewekewa mwingine mzuri zaidi. Tokea siku hiyo hakupima kitu chochote kabla hajakigonga namba kwa mkono wake.

Sasa niseme juu ya Fundi, kwa sababu bila yeye kipande cha mlangoni ni chuma tu.

Fundi ni mtu wa kule ziwani. Baba yake alikuja kuchuma chai katika shamba kubwa Kericho, naye akakulia kwenye nyumba za wafanyakazi, akajifunza kuchomelea katika karakana ya kiwanda cha chai, akapanda mpaka akafika kwenye mabomba ya visima vya mvuke, kwenye nikeli, ambako hufika wachache. Mshono uliokataliwa ulikuwa wake. Mkandarasi hakubishana. Aliona ni haraka zaidi kukata bomba na kumwondoa mtu. Cheti cha Fundi cha metali hiyo kilifutwa, na tangu hapo hajaigusa tena. Ana karakana Kaplong, anatengeneza mageti, matrela na vitako vya matangi ya maji, na anaishi vizuri. Ila kila penye mafundi watatu, mmoja hujua yeye ni yule wa ile jointi, yaani ule mshono.

Nilimpelekea bawaba ya geti langu.

"Unatoka wapi, dada?"

"Silibwet. Nyuma ya kituo cha majani."

"Karibu na Madam?"

"Tunapakana."

"Pole," alisema, na mafundi wake wakacheka mpaka mmoja akazima mashine.

Baadaye, bawaba ikipoa, aliniambia mwenyewe. Hakuwa na uchungu wa kelele. "Ile jointi ilikuwa nzuri. Niliiona ikikaa. Mtoto wako akilala vizuri, si unajua tu?"

"Lakini mashine ilisema."

"Mashine ilisema, dada. Mimi sijawahi kukataa kwamba mashine ilisema." Aligeuza bawaba. "Nakataa tu kwamba ilikuwa mbaya. Hizo mbili zinagombana ndani yangu mpaka leo."

Mkaguzi nilimuuliza pia. Alikuwa anakata miti ya ua. "Yule alikuwa na mkono mzuri kuliko wote niliowahi kukagua," alisema. "Ndiyo maana nilipima mara ya pili. Ikapita dari tena. Ungetaka nifanye nini, nimpende?" Kisha akaongeza, akiwa amenipa mgongo, "Nilichukua kile kipande ili nisije nikajidanganya kwamba nilikuwa na roho mbaya."

Walikuwa wakikutana, maana huku kwetu hukwepi mtu. Kwenye michango ya matanga walikaa pande mbili za hema. Mwaka ambao kanisa letu liliweka geti jipya, kamati ilimpa Fundi kazi bila kufikiri, na siku ya kulizindua Mkaguzi alijitokeza.  Alilizunguka geti zima taratibu, akipitisha kidole gumba kwenye kila mshono, juu, chini, mpaka akapiga magoti kuangalia chini kabisa. Fundi alisimama kando, kofia mkononi. Mkaguzi aliinuka, akakung'uta sketi.

"Linapita," alisema, akaingia ibadani.

"Nilidhani atatafuta hata moja ya kukataa," Fundi aliniambia siku hiyo. Alionekana kama mtu aliyepewa zawadi na kuibiwa kwa mkono ule ule. Kama mama huyu ni mkweli kiasi hicho juu ya geti, basi alikuwa mkweli juu ya bomba. Nadhani geti lile lilimuumiza kuliko kufukuzwa.

Nami hapo ndipo nilipoanza kutaka Mkaguzi awe amekosea. Nilijiambia ni kwa ajili ya Fundi. Si kweli kabisa. Zaidi ilikuwa kwa ajili ya mgongo wangu.

Mwaka jana, baada ya msimu wa mvua ya mawe, kifuniko cha mkebe wangu kilipotea kituoni kwa mara nyingine, nikaamua kipya nikifunge kwa mnyororo mfupi. Nilimpelekea Mkaguzi mkebe atoboe tundu. Aliubana kwenye meza yake nje ya ghala, akaweka ncha ya mashine ya kutobolea kando tu ya herufi zangu, kwa sababu hapo ndipo ukingo ni mnene. Akawasha.

Ncha ilipiga kelele, ikateleza. Akaweka tena. Ikateleza tena, ikaacha mkwaruzo.

"Labda imeisha makali," nilisema.

"Nyamaza."

Alihamisha ncha, kama upana wa kiganja kutoka pale. Ikauma mara moja, uzi wa chuma ukajikunja kama ganda la kiazi. Akarudi kando ya herufi. Kelele. Akabadilisha, akaweka ncha mpya kabisa, akapunguza mwendo, akaweka mafuta. Kelele. Akazima. Nilikuwa nimezoea kumwona akiwa na hasira, akiwa na huzuni, akiwa na haki. Sikuwa nimewahi kumwona akiwa hajui.

"Hizi herufi nani aligonga?"

"Si ni wewe."

"Niligonga mara ngapi?"

"Ya kwanza ilipinda. Ukarudia." Nikajaribu kuchekesha. "Ulirudia mpaka mbwa wangu akahama."

Hakucheka. Aliweka kile kifaa chini, akaingia ndani, nami nikamfuata. Alipiga magoti mlangoni, na magoti yake si ya kupigia magoti, akakigeuza kile kipande kuelekea mwanga. Namba ikaonekana vizuri. Ya pili imekanyaga ya kwanza.

Alizungumza bila kunitazama, polepole, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. Chuma kisichoshika kutu, alisema, na nikeli hata zaidi, ukikipiga kinakuwa kigumu pale ulipokipiga. Kila mwanafunzi anajua. Yeye mwenyewe alifundisha. Alikuwa akiwakataza mafundi kugonga mshono kwa nguvu wanapousafisha, aliwahi kumnyang'anya mtu nyundo na kuitupa. Siku ile namba ilitoka imepinda, akarudia, mara tatu labda, kwa sababu haikumpendeza. Halafu akasugua mahali pa kupimia hapo hapo karibu na namba, kwenye ngozi iliyoungua, ili atakayeangalia aone namba na kishimo pamoja, asiseme baadaye kwamba ni mshono mwingine. Mara ya pili akapima papo hapo.

"Nyundo zote za kule nilizihesabu," alisema. "Yangu sikuihesabu kuwa nyundo."

Nilichokitaka kwa miaka mingi kilikuwa kimepiga magoti mbele yangu, na sikukitaka tena. Nilimwambia aache. Nilisema ni zamani, hakuna anayeuliza, hata Fundi mwenyewe amezoea.

"Amezoea nini?" aliuliza. "Kuitwa mtu wa jointi mbaya?"

Nilinyoosha mkono nimwinue, akaukataa.

"Na hata hivyo sijui bado," alisema akijiinua kwa kushika mlango. "Haya yote ni maoni. Nataka namba."

Mashine ya kupimia hakuwa nayo. Ilibaki kwa waajiri wake alipostaafu. Nairobi kulikuwa na maabara ambamo kijana mmoja, mwanafunzi wake wa zamani, alikuwa anafanya kazi, na mimi nilikuwa nakwenda huko kusoma insha mbele ya watu ambao wengi wao walikuja kwa ajili ya sambusa. Akanipa kipande kimefungwa kwenye leso.

"Kwa nini usipeleke mwenyewe?"

"Nikipeleka mimi watanipa jibu la heshima. Wewe hawakujui." Alifikiri kidogo. "Na wakikujua hawatakuheshimu."

Maagizo yalikuwa mafupi. Nisiseme ni cha nani. Nisiseme ni jibu gani linalotarajiwa. Wakikate, wakisugue, wapime kando ya namba, kisha wapime mbali na namba, upande wa pili wa mzingo, sehemu zote tatu, kisha wapige namba ya simu nitakayoiacha bila jina. Mlinzi wa pale maabara alikipima mkononi, akaniuliza ni silaha au ni nini. Nilimwambia ni mlango wa mtu. Akaniruhusu nipite, nadhani kwa huruma.

Niliporudi niliona kwamba Mkaguzi hajaweka kitu kingine mlangoni. Upepo ukitoka upande wa Mau, ule mlango ulikuwa ukijibamiza, unafunguka, unajibamiza. Nilimletea tofali. Alilitazama, akaliweka nje. "Nafasi ya mwenyewe hiyo," alisema. Tulikunywa chai kwa siku nyingi katikati ya mabamizo hayo. Hakulalamika, hakujitetea. Aliniuliza siku moja kama nilitaka yeye awe amekosea, na hapo ndipo nilipokana nikimtazama usoni, kama nilivyosema mwanzoni. Yeye alinitazama pia. "Mimi ndiye nataka," alisema. "Kama sikukosea, basi yule aliharibu, na mkono ule haukuwa wa kuharibu."

Mtu huyu, ambaye aliamini mashine kuliko ndugu zake, alikuwa ameketi akiomba mashine imwangushe ili mtu mwingine asimame. Nilimwangalia akipuliza chai, na kwa mara ya kwanza sikuhisi kwamba natakiwa kunyoosha mgongo. Nilitaka tu kukaa kimya nisiharibu kitu.

Simu iliita mchana mmoja, tukichambua mboga. Masikio yake yaliharibiwa na kelele za mashine za kusaga chuma, kwa hiyo simu zake zote husikika mpaka barabarani.

"Madam, shikamoo. Kumbe namba iliyoachwa ni yako? Ni kuhusu ile sampuli."

"Sema namba."

Akazisoma, moja baada ya nyingine. Mimi sikuzielewa, lakini nilimwona yeye akizielewa. "Kwa ufupi, Madam, hapo kando ya alama imepita kikomo. Mbali na alama, mshono, ile ngozi, na bomba lenyewe, zote ziko chini. Chini vizuri."

"Umepima mara moja?"

"Mpaka nikachoka, Madam. Kuna mtu aligonga hiyo alama vibaya sana." "Kwani ni ya kwako?"

"Alama ni yangu. Jointi ni ya Fundi," alisema Mkaguzi. "Asante, kijana." Akakata.

Mlango ukajibamiza. Alifuta mikono kwenye aproni, akatafuta namba nyingine kwenye simu, na nikashangaa kwamba alikuwa nayo, tena kwamba hakuitafuta kwa muda mrefu. Ilipopokelewa tulisikia kwanza kelele za karakana, kisha zikanyamaza moja moja.

"Ni mimi," alisema Mkaguzi.

"Nimejua, Madam. Nani mwingine hupiga bila salamu?"

"Ile jointi yako ilikuwa sawa. Mimi ndiye niliigonga nyundo mpaka ikawa ngumu, halafu nikaipimia hapo hapo. Nimeipeleka ikapimwa na mtu asiyejua ni ya nani. Nimekosa. Nitawaandikia wale wa visima, na Jumapili nitasema kanisani, mbele ya lile geti."

 Upande wa pili nilimsikia mtu akiuliza kwa Kijaluo kuna nini.

"Namba imesema?" Fundi aliuliza mwishowe.

"Namba imesema."

"Sio maoni?"

"Sio maoni."

 Sauti ya Fundi ilishuka. "Hicho kipande, Madam. Wakimaliza nacho, nakitaka."

"Kilikuwa kinashikilia mlango wangu."

"Ni changu," alisema Fundi. "Wewe tafuta jiwe."

Mkaguzi aliweka simu juu ya mboga, akavaa gambuti, akatoka kwenda kutafuta jiwe.